Wimbo wa Mzee Aliyejiagizia Maziko Yake

Wasomaji wetu walio pande za Kisarawe na Kibaha hawana haja ya kuambiwa ni wimbo gani tunaotaka kuunena, kwa maana wameusikia, na pengine wameuimba. Ni ule wimbo wa mzee anayehadithia maziko yake mwenyewe, jinsi atakavyotoka nyumbani siku hiyo kwa shangwe na vigelegele kama bwana arusi. Kwanza uliimbwa katika kijiji kimoja nyuma ya Maneromango, alikokaa mzee aliyeutunga. Halafu kwaya zikauchukua, ukafika Kisarawe mjini, ukafika Kibaha, na sasa waimbwa kando ya barabara kuu ya Morogoro katika misiba ya watu wasiomjua mzee huyo hata kwa jina. Jina lake hatulitaji hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda litajwe katika wimbo.

Walimu wawili wa kwaya wametuuliza habari ya wimbo huu, mmoja akitaka tuusifu, na wa pili akitaka tuwaonye watu wasiuimbe. Basi twaona yafaa tuutazame wimbo wenyewe kwanza, maana wengi huusema pasipo kuusikiliza mpaka mwisho.

Una beti tano na kiitikio. Ubeti wa kwanza ni wa nguo: mzee awaagiza binti zake wasivae kaniki wala nguo nyeusi, bali wafungue masanduku watoe kanga walizovaa siku za arusi zao. Ubeti wa pili ni wa chakula. Wa tatu ni wa ngoma: ataka asindikizwe kwa mdundiko, tangu mlangoni pake mpaka kaburini. Wa nne ni wa kaburi lenyewe. Wa tano ni amri, na habari yake tutaisema baadaye. Kiitikio kinawataka majirani waache neno la makiwa, na badala yake wampe mkewe na wanawe mkono wa hongera.

Lugha yake ni nzuri sana. Mzee huyu hakukaa shuleni miaka mingi, na labda hiyo ndiyo heri yake, kwani hamna ndani ya wimbo hata neno moja lililookotwa katika hotuba za watu. Vyombo vyake ni vya nyumbani: kinu, ungo, mkeka, kata ya maji. Wala hakosi mzaha. Katika ubeti wa chakula awaambia wapishi wasibane chumvi, kwa sababu yeye hatakula na hivyo hatalalamika. Tena amwambia jirani yake aliyemkopa miaka mingi ya kwamba deni amemsamehe, lakini asije msibani mikono mitupu, aje na kuku. Tulicheka tuliposikia ubeti huo mara ya kwanza, na jirani mwenyewe alikuwapo akacheka kuliko sisi sote. Nyimbo nyingi za kwaya zetu zinazonena habari ya kufa huenda moja kwa moja mbinguni, kwenye njia za dhahabu, hata msikilizaji hajui ni mtu gani aliyekufa wala aliishi katika kijiji gani. Wimbo huu wapita kwanza uani kwa mtu, na kwa hiyo twamwamini mwimbaji anapofika kwenye mambo makubwa.

Mambo makubwa yamo katika ubeti wa nne. Hapo mzee anena ya kwamba kaburi si shimo, bali ni nyumba ya mwali. Neno hili Mzaramo hulielewa mara moja, lakini wasomaji wetu wa mbali yafaa waelezwe. Kwa desturi ya Wazaramo, msichana akivunja ungo huwekwa ndani. Zamani alikaa humo miezi mingi, hata mwaka na zaidi, asionekane na watu wa nje. Hukaa kimya, hufundishwa na wakubwa, na mwili wake hutunzwa. Na wakati wake ukitimia hutolewa nje, amepambwa, na ngoma hulia, na watu wa vijiji vya mbali huja kumtazama. Yule aliyeingia alikuwa mtoto, naye anayetoka ni mtu mwingine, hata jina la kuitwa mtoto limemwisha. Basi mzee asema: mimi nawekwa ndani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye siku ya kunitoa.

Twakiri ya kwamba tumekwisha kusikia mahubiri mengi juu ya ufufuo wa wafu, wala hatukumbuki hata moja lililotuonyesha jambo hilo waziwazi kama maneno haya machache. Tena mzee hakuyabuni kutoka hewani. Wazee wa Kizaramo walichonga mwana hiti, ile sanamu ndogo ya mti yenye kichwa na kiwiliwili, mara nyingi pasipo mikono, aliyopewa mwali akae nayo wakati wa kuwekwa ndani. Na umbo lilo hilo walilichonga juu ya fimbo za wakubwa, na juu ya nguzo walizosimika makaburini. Nguzo za namna hiyo nyingi zimekwisha kuchukuliwa, nyingine zimo katika nyumba za makumbusho za Ulaya, lakini mzee wetu alizaliwa wakati watu walipokuwa wakizikumbuka. Alama ya mwali ilikuwa imesimama kaburini kabla ya mwalimu yeyote kufika Kisarawe mwaka 1892, au Maneromango mwaka 1895, na habari ya Pasaka. Mzee aliiona alama, akaisikia habari, akaviunganisha.

Wako wanaosema wimbo huu haufai kwa kuwa mwendo wake ni wa mdundiko, na mdundiko ni ngoma ya dunia, tena huwabeba watoto wakaufuata barabarani mpaka wakapotea. Neno hili halitushughulishi sana. Ngoma ni ngozi na mti. Kama mwendo wake waweza kumpeleka mtu arusini, waweza kumpeleka na mahali pengine.

Kosa la wimbo, kama twaona sawasawa, liko mahali pengine, nalo laonekana katika ubeti ule ule tulioupenda. Ngoma ya mwali hulia siku gani? Ngoma kubwa, ile ya kuwaita watu wa vijiji vingine, hulia siku ya kutoka. Siku ya kuingia ni jambo la wanawake wachache wa nyumba, na mlango hufungwa. Lakini mzee wetu ataka mdundiko ulie siku ya kuwekwa ndani. Katika ubeti wa tatu amekwisha kuipiga ngoma ambayo, kwa mfano wake mwenyewe wa ubeti wa nne, haijafika siku yake. Hapo wimbo wagombana na nafsi yake, na sikio la msikilizaji lasikia ugomvi huo hata asipojua sababu. Na kwa kuwa mtungaji ameileta shangwe mapema, hana budi kuilinda kwa nguvu. Hii ndiyo maana ya ubeti wa tano: mtu ye yote asilie. Alaye huzuni na atoke uani, anayetokwa na machozi na akanawe uso kisimani kwanza, kwa maana atalitia doa jina la marehemu. Ni ubeti mfupi, nao ni ubeti pekee usio na mzaha.

Wengi hudhani ya kuwa amri hiyo ndiyo ya Kikristo hasa, na ya kwamba kulia ni ishara ya kukosa imani. Mtume Paulo alipowaandikia Wathesalonike hakuwakataza huzuni. Aliwakataza huzuni ya watu wasio na tumaini, na hayo ni mambo mawili. Naye Bwana Yesu alipofika kaburini kwa Lazaro alijua atamfufua saa ile ile, wala kujua huko hakukumzuia kulia.

Mfano mwingine ni wa Martin Luther. Mwaka 1542 alitoa huko Wittenberg kitabu cha nyimbo za maziko, na katika dibaji yake alieleza ya kwamba Wakristo wasiwaimbie wafu wao nyimbo za maombolezo matupu, bali nyimbo za faraja, za msamaha, za usingizi na ufufuo. Wanaopenda ubeti wa tano wangeweza kumchukua Luther awe shahidi wao. Lakini mwaka ule ule wa 1542, tarehe 20 Septemba, binti yake Magdalena, mwenye miaka 13, alifariki mikononi mwake. Siku chache baadaye Luther alimwandikia rafiki yake, akakiri ya kwamba iliwapasa yeye na mkewe kushukuru tu kwa furaha, kwa kuwa mtoto ametoka salama katika dunia hii, wala hawakuweza. Mapenzi ya mzazi yaliwashinda wakalia na kuugua. Huyo ndiye mtu aliyeagiza nyimbo za furaha. Hakuufuta wimbo kwa sababu ya machozi, wala hakuyakataza machozi kwa sababu ya wimbo.

Na huko Marekani, katika mji wa New Orleans, watu weusi wana desturi ambayo mzee wetu angeipenda kama angeiona. Maiti husindikizwa na bendi ya matarumbeta. Wanapokwenda makaburini bendi hupiga nyimbo za kanisa kwa mwendo wa polepole, na ngoma ndogo imetiwa kitambaa ili sauti yake izibe. Wakiisha kuagana na maiti, mpiga ngoma hukitoa kitambaa, na bendi hupiga kwa shangwe, na watu wa mtaani huwafuata nyuma wakicheza na miavuli yao na leso zao, kama vile watu wetu wanavyoufuata mdundiko. Louis Armstrong, aliyezaliwa katika mji huo mwaka 1901, aliipiga desturi hiyo tangu mwanzo hata mwisho katika santuri ya mwaka 1950, na mwenye kuisikiliza husikia mahali kitambaa kinapotoka. Wale watu hucheza, tena hucheza sana. Lakini kwanza wamekwenda polepole.

Wala hatuna haja ya kwenda hata Marekani, kwani wazee wetu walilijua jambo hilo wakaligawanya vizuri. Katika msiba wa Mzaramo alikuwapo mtani, Mnyamwezi au Msukuma, ambaye utani wake watoka siku za misafara ya pwani na bara. Yeye ndiye aliyepewa ruhusa ya kucheka. Alivaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake na kikohozi chake. Alijilaza ndani ya kaburi akasema halitoki jeneza wala haliingii mpaka alipwe. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini hakuna aliyemwambia mjane, cheka nawe. Mwenye kulia alilia, mwenye kuchekesha alichekesha, kila mtu na kazi yake, na kicheko cha mmoja kilimpumzisha mwingine bila kumnyang'anya kilio. Mzee wetu, kwa wema wake, alitaka kuwa mtani wa maiti yake mwenyewe. Kisha akawaamuru wafiwa wote wawe watani pamoja naye.

Haya yote hatukuyaona tuliposikia wimbo mara ya kwanza. Tulifundishwa, tena kwa aibu.

Mzee alipofariki, sisi ndio tuliopewa kazi ya kuiongoza kwaya. Kanga za arusi zilivaliwa, pilau ilipikwa, mdundiko ulikuja. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi kijijini, walikuja kama wajavyo siku zote, wakaketi mikekani. Na ngoma ilipoanza walitazamana, wasijue kama inawapasa kukaa ama kusimama, wala kama ni makiwa au hongera. Tulikuwa tumewapanga waimbaji mistari miwili kutoka mlangoni. Jeneza lilipotoka, bibi yule, mjane, alitoa sauti moja tu ya kilio, akashika nguzo ya baraza. Ilikuwa katikati ya ubeti wa tatu. Nasi, kwa kuwa tulitaka wosia wa mzee utimizwe bila kasoro, tukainua mkono kumnyamazisha, kama tunavyomnyamazisha mtoto darasani aliyeanza kabla ya wenzake.

Alinyamaza. Alivaa kanga yake, akapokea mikono ya hongera, akasimama wima mpaka mwisho wa maziko. Watu wengi walimsifu kwa imani yake, na sisi tulimsifu.

Siku ya tatu tulikwenda kumwaga. Akatukaribisha vizuri, akatuletea kigoda, akauliza habari za shule. Kisha akasema, "Mwalimu, wimbo ni wa mume wangu, lakini msiba ni wangu. Yeye alijua lini atakwenda kupumzika. Mimi nitalia lini?" Hatukuwa na la kumjibu.

Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho wasomaji wengi walikisoma shuleni, shujaa huyo alipofungwa na kuhukumiwa kufa aliomba kwanza apigiwe ngoma. Watu wakacheza, pembe na matoazi vikalia, na chini ya kelele hiyo Liyongo akakata pingu zake kwa tupa ambayo mama yake alimpelekea ndani ya mkate wa wishwa. Ngoma ya mtu wa kufa ilificha kazi ya kumwokoa. Tumejiuliza mara nyingi ngoma yetu ya siku ile ilificha nini. Ilificha kilio cha mwanamke mmoja, wala haikukata pingu yo yote.

Hata hivyo tungeweza kusema kosa lilikuwa la mwalimu, si la wimbo, kama tusingeusikia tena huko Kibaha. Tulialikwa na kwaya moja ya mjini katika maziko ya kijana aliyefariki kwa ajali ya pikipiki katika barabara ya Morogoro. Hakuwa na miaka hata 25. Turubai lilitandazwa, spika zilifungwa mitini, na kwaya, ambayo ni hodari kweli, ikauimba wimbo wa mzee wote, beti tano, na kinanda cha umeme kikipiga mwendo wa mdundiko.

Ndipo tulipotambua jambo ambalo mwenye kuuhukumu wimbo huu hana budi kulikumbuka. Wimbo wasema "mimi". Na "mimi" huyo ni mzee aliyekwisha kuoza binti zake, aliyekwisha kukopesha na kusamehe, anayejua kila sufuria ya uani kwake. Mzaha wake ni wa mtu aliyeshiba siku. Ukiyatia maneno yale katika kinywa cha kijana ambaye hakupata kuoa, kila ubeti wageuka. Kanga za arusi ni za arusi gani? Deni analosamehe ni lipi? Mama yake alikuwa ameketi mbele kabisa, karibu na spika, na kwaya ilipofika kwenye amri ya kwenda kunawa uso, aliinuka akatoka, akaenda nyuma ya nyumba. Dada zake wawili walimfuata. Wengine walidhani anakwenda kutazama chakula.

Basi, kwa walimu wawili waliotuuliza, jibu letu ni hili. Wimbo msiukataze, ni mmoja wa nyimbo bora zilizotungwa katika nchi ya Wazaramo, na ubeti wa nne yafaa watoto waufahamu kwa moyo. Lakini msiuimbe jeneza linapotoka mlangoni. Mwimbieni mtu mzima aliyeuagiza mwenyewe, wala msimwimbie kijana. Kama ni siku ya maziko, uimbwe watu wakirudi kutoka makaburini, mpiga ngoma akiisha kutoa kitambaa chake. Na kama mwataka kuusikia mahali pake hasa, uchukueni makaburini alfajiri ya Pasaka. Wamoravian wa Herrnhut huko Ujerumani wamekwenda makaburini jua lichomozapo siku hiyo tangu mwaka 1732, wakiwa na matarumbeta, na desturi hiyo wameichukua huko walikokwenda duniani. Ile ndiyo siku ya kutoka kwa mwali, na mdundiko hautakuwa umewahi.

Kuhusu ubeti wa tano hatukuwa na hakika la kushauri, kwa maana si vema kuukata wosia wa mtu. Lakini siku ya arobaini, tulipokutana tena nyumbani kwa mzee, watu walikuwa wakimenya mihogo na kuzungumza, na bibi yule akauanza wimbo mwenyewe, bila kwaya, ungo uko magotini. Aliimba habari ya nguo, na ya chumvi, na yule jirani wa kuku akacheka tena. Akaimba habari ya mdundiko, akaimba habari ya mwali aliyewekwa ndani, na hapo machozi yalimtoka waziwazi, naye hakuacha kuimba. Alipoumaliza ubeti wa nne akarudi kwenye kiitikio, nasi tukamwitikia. Ubeti wa tano hakuuimba, wala hakuna aliyemkumbusha.